Bara, Dengu na Kengele: Tumpikie Nini Mgeni wa Trinidad Tarehe 30 Machi?

Katika safu ya mapishi na maisha ya nyumbani toleo hili, barua tano zimechaguliwa kutoka Mtwara na Lindi. Zote zinahusu siku moja, sikukuu ya taifa katika kisiwa cha Trinidad, bahari ya Karibi, na chakula cha huko, hasa doubles, yaani dengu juu ya bara, mkate mdogo wa kukaanga, ingawa kila mwandishi ameingia kwa mlango wake.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane, nina nyumba hapa Shangani, Mtwara, na chumba cha uani nimempangisha kijana wa Trinidad aliyekuja kufanya kazi ya ufundi katika mitambo ya gesi. Ni kijana mtulivu, ananiita Mama, na kila Jumapili alfajiri huwasha mshumaa akaimba peke yake kwa sauti ya chini. Juma lililopita aliniambia kwamba tarehe 30 Machi kwao ni sikukuu ya taifa, siku ambayo watu wa dhehebu lake waliruhusiwa kusali kwa uhuru, na kwamba hii ni mara ya kwanza itamkuta mbali na mama yake. Nilipomuuliza kwao wanakula nini, alisema anachokitamani zaidi ni doubles za kando ya barabara, akanionyesha picha kwenye simu. Mimi niliona kama mbaazi na maandazi yetu ya asubuhi. Ningependa kumpikia. Je, mbaazi zitafaa? Na hiyo sikukuu hasa ni ya nini?
— Mama mwenye nyumba, Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na sikukuu kabla ya sufuria, kwa sababu katika habari yake kuna jambo linalokuhusu wewe mwenye nyumba, na nadhani ukilijua utaupika mlo huo kwa moyo mwingine.

Mgeni wako ni wa dhehebu la Wabaptisti wa Kiroho. Ni Wakristo wenye asili ya Afrika, ambao katika ibada zao hupiga kengele, huwasha mishumaa, hujifunga vilemba, hubatiza mtoni au baharini, na Roho anapowashukia hupaza sauti bila kujizuia. Kwa sababu ya sauti hizo waliitwa Shouters, yaani Wapiga Kelele, na jina hilo walipewa na watu waliowadharau. Mwaka 1917, Trinidad ikiwa koloni la Uingereza, ilitungwa sheria ya kupiga marufuku mikutano yao. Polisi waliruhusiwa kuingia katika nyumba waliyoishuku, usiku au mchana, bila hati ya hakimu. Kama watu walisema kwamba wao si Wapiga Kelele bali wanasali tu, hakimu ndiye aliyeamua ibada yao ni ya namna gani, na uamuzi wake ulikuwa wa mwisho. Tena sheria hiyo ilimtaka mwenye ardhi au msimamizi wa shamba, akijua kwamba mahali pake panafanyika ibada ya namna hiyo, aende mara moja kutoa taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu. Fikiri basi: mwanamke kama wewe, mwenye chumba uani na mpangaji anayewasha mshumaa alfajiri, angetakiwa ajitande khanga yake akamshitaki.

Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 33. Watu walikimbilia misituni na milimani ili wasali, na waliokamatwa walipelekwa mahakamani. Miongoni mwa walioongoza harakati za kuifuta sheria hiyo alikuwamo Elton George Griffith, kiongozi wa dhehebu hilo aliyetoka kisiwa cha Grenada. Tarehe 30 Machi 1951 Baraza la Kutunga Sheria liliifuta. Ilipofika mwaka 1996, serikali ya Waziri Mkuu Basdeo Panday iliifanya tarehe hiyo kuwa sikukuu ya taifa zima, kwa hiyo siku hiyo hata asiyekuwa wa dhehebu hilo hukaa nyumbani kwa mapumziko.

Sasa tuje jikoni. Ni lazima niseme ukweli kwamba doubles si chakula cha ibada. Wabaptisti wa Kiroho wana meza yao ya shukrani, yenye matunda, mikate na maua, ambayo huandaliwa kwa maombi na wahusika wenyewe, na hiyo mimi nisingekushauri uijaribu kwa niaba ya mtu. Doubles ni chakula cha kila siku cha nchi nzima, kinacholiwa kwa kusimama, asubuhi kabla ya kazi au usiku baada ya starehe. Hata hivyo naona kijana wako amechagua vizuri. Watu waliolazimika kusali kwa kujificha wanastahili kukumbukwa kwa chakula kinacholiwa hadharani, mbele ya kila mpita njia. Kwa hiyo usimpelekee sahani chumbani. Toa jiko lako uani au barazani, ukaange hapo, na waalike majirani.

Asili ya chakula chenyewe ni hii. Utumwa ulipokwisha katika makoloni ya Uingereza kati ya mwaka 1834 na 1838, wenye mashamba ya miwa walitafuta wafanyakazi wengine, wakawaleta Wahindi kwa mikataba migumu ya miaka mitano. Meli ya kwanza, Fatel Razack, ilifika Trinidad tarehe 30 Mei 1845, na ya mwisho ilifika mwaka 1917, mwaka uleule Wapiga Kelele walipopigwa marufuku. Katika muda huo waliletwa Wahindi zaidi ya 140,000. Miaka ya 1930, katika mji wa Princes Town kusini mwa kisiwa, Emamool Deen na mkewe Rasulan walianza kuuza dengu zilizopikwa kwa bizari juu ya mkate mdogo wa kukaanga uitwao bara. Wateja wakaanza kuomba bara ya pili, yaani wawekewe mara mbili, na kutokana na ombi hilo chakula kikapata jina. Hapa kwetu Wahindi walikuja Mikindani na Lindi kwa majahazi, wakiwa wafanyabiashara, wakatuachia bajia na sambusa. Kule walikuja kulima miwa, wakawaachia watu bara na dengu. Ndiyo maana picha uliyoonyeshwa haikukushangaza.

Umeuliza kuhusu mbaazi. Mkoa wetu na Lindi ni nchi ya mbaazi, na ninajua kwamba gunia lipo ndani, lakini kwa mlo huu nunua dengu. Mbaazi ikiiva hupasuka na kuwa uji mzito, ambao ni mtamu sana ukiwa na tui la nazi, ila ladha yake itampeleka mgeni wako kwenye chakula kingine. Watrinidadi nao wanazo mbaazi, na hupika nazo pelau, wali ambao nyama yake huanza kwa kugeuzwa rangi katika sukari iliyoungua, kisha hutiwa mbaazi na tui la nazi. Siku nyingine umpikie huo, naye atajua kwamba umeuliza.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, roweka robo kilo ya dengu kwa maji mengi, uzitie magadi kidogo sana, kiasi cha ncha ya kijiko. Asubuhi mwaga maji hayo, osha, chemsha kwa maji mapya hadi punje ipondeke kati ya vidole viwili bila kulazimishwa. Kwa jiko la mkaa huchukua saa moja na zaidi. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu na punje tatu au nne za kitunguu saumu zilizopondwa, halafu chukua vijiko viwili vya chakula vya bizari ya mchuzi, uvikoroge kwa maji kidogo viwe kama uji, ndipo umimine katika mafuta. Ukitia bizari kavu itaungua na kuwa chungu. Acha ichemke mpaka mafuta yajitenge, tia dengu, chumvi, na maji ya kuzifunika, kisha funika sufuria. Karibu na mwisho, zikaange mbegu za bizari nyembamba bila mafuta, uzitwange, utie kijiko kimoja cha chai. Wao huiita geera, na wewe utatambua mara moja kwamba ni jira, jina lingine la bizari hiyohiyo katika Kiswahili. Mchuzi uwe mwepesi kuliko wa mbaazi za asubuhi. Ponda punje chache kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi ushikamane, lakini nyingi zibaki nzima.

Bara ndiyo itakayokutoa jasho, nami nimeipika mara nne juma hili ili nisikwambie jambo nisilolijaribu. Changanya unga wa ngano robo kilo, nusu kijiko cha chai cha manjano, nusu kijiko cha bizari nyembamba ya unga, nusu kijiko cha chumvi, kijiko kimoja cha sukari na kijiko kimoja cha hamira ya chenga. Tia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, yakaribie kikombe kimoja. Kwa mvua hizi za Machi unga wenyewe una unyevu, kwa hiyo usimimine maji yote kwa pamoja. Donge lazima liwe laini kuliko la maandazi, laini kiasi cha kunata mkononi, na hapa ndipo mkono wa mpishi wa pwani humsaliti, kwa sababu umezoea kuongeza unga hadi kunata kuishe. Usiongeze. Paka mafuta kidogo juu, funika, acha saa moja hadi liumuke mara mbili. Kisha paka mafuta viganjani, ukate madonge ya ukubwa wa ndimu ndogo, utapata kama 16, uyaache tena robo saa.

Usitumie msukumio. Weka donge juu ya sahani iliyopakwa mafuta, ulibonyeze kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda pembeni hadi lienee kama kiganja cha mtoto, jembamba kiasi kwamba ukiliinua unaona mwanga. Mafuta katika karai yawe ya moto sana. Bara ikiingia huzama kidogo, hupanda, na huvimba palepale. Hesabu hadi kumi, igeuze, hesabu tena hadi kumi, itoe. Ukiisubiri ibadilike rangi kama andazi, umeshachelewa. Zipange moja juu ya nyingine katika bakuli lililotandikwa kitambaa safi, uzifunike, kwa kuwa mvuke wake wenyewe ndio unaozilainisha. Bara iliyopikwa vizuri hukunjika kama leso.

Wakati wa kula, twaa kipande cha karatasi safi ya kufungia, weka bara mbili zikiwa zimepandana kidogo, juu yake pawa ndogo ya dengu, kisha mchuzi wa ukwaju uliotiwa sukari, tango lililokwaruzwa na kuchanganywa na kotmiri, na pilipili. Kule hutumia jani liitwalo shado beni, lenye harufu kama ya kotmiri ila kali zaidi. Kwetu kotmiri nyingi na punje moja ya kitunguu saumu zinatosha. Kuhusu pilipili una bahati, maana pilipili mbuzi yetu inafanana sana na ile yao kwa harufu na kwa ukali. Muuzaji wa Trinidad humuuliza kila mteja anataka pilipili kiasi gani kabla ya kufunga. Muulize hivyohivyo mgeni wako, kwa sauti, ukiwa umeshika kijiko.

Neno moja la mwisho kwako. Usimshtukize kabisa. Muulize siku mbili kabla kama atakuwa amefunga, kwa sababu kufunga na kujitenga kwa maombi ni sehemu kubwa ya dini yake. Na kama ana kengele, mwambie kwamba hapo uani kwako anaweza kuipiga.

SWALI: Shangazi, mimi ni mama lishe hapa Rahaleo, Lindi. Niliona doubles kwenye video nikajaribu, lakini bara zangu zilikauka kama biskuti, na watoto wakazila kwa chai. Nataka kujua nilikosea wapi. Pia mimi ni Mwislamu. Nikiwauzia watu chakula hiki siku hiyo ya tarehe 30, je, nitakuwa nimeshiriki ibada ya dini nyingine?
— Mama lishe, Rahaleo, Lindi

JIBU: Kuhusu bara, kosa huwa ni moja kati ya mawili. Ama donge lilikuwa gumu, ama mafuta yalikuwa ya moto hafifu, ukalazimika kuikaanga muda mrefu ili iive, nayo ikapoteza maji yake yote. Jaribu mafuta kwa kitone cha donge: kikikaa chini ya karai huku kikitoa mapovu polepole, ongeza mkaa na usubiri. Inawezekana pia kwamba ulizitandaza kwenye sinia zipoe, kama tufanyavyo kwa maandazi ili yasisinyae. Bara huifanyii hivyo. Ifunike ingali inatoa moshi.

Swali lako la pili ni la sheikh wako, nami sitajifanya mwanachuoni. Ninachoweza kukueleza ni habari ya chakula, kwamba ndani ya doubles hamna ila unga, hamira, dengu, viungo na mafuta ya kupikia, na kwamba watu walioanza kukiuza walikuwa na majina ambayo yakitajwa katika msikiti wowote wa Lindi hakuna atakayegeuka kutazama. Nitaongeza pia kwamba nchini Trinidad na Tobago Idd el Fitr ni sikukuu ya taifa, Divali ya Wahindu ni sikukuu ya taifa, na siku hii ya Wabaptisti wa Kiroho vilevile, na watu hupelekeana sahani kwa majirani bila kuulizana. Wewe mwenyewe unajua ni sahani ngapi za pilau ya Idd zinazotoka Rahaleo kwenda nyumba za Wakristo, na ni ngapi zinazorudi Krismasi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Mtwara. Jirani yetu ametualika siku hiyo na ametueleza habari ya sheria ya mwaka 1917. Sielewi kwa nini serikali iogope watu wanaoimba na kupiga kengele. Je, na sisi huku kusini tuliwahi kupitia jambo kama hilo, ili nami niwe na la kusema mezani?
— Mwanafunzi, Chikongola, Mtwara

JIBU: Mwanangu, sababu iliyotajwa hadharani ilikuwa kelele: kwamba majirani wanasumbuliwa usingizini. Lakini kelele ina dawa nyepesi, nayo ni kumwambia mtu apunguze sauti. Sheria inayokwenda hadi kumtaka mwenye shamba atoe taarifa polisi haihusu usingizi. Watawala waliona watu weusi maskini wakikusanyika bila mchungaji aliyewekwa na wakubwa, wakiwa na viongozi wao, wakiwemo wanawake, na wakisali kwa namna iliyobeba kumbukumbu za Afrika. Mkutano ambao mtawala hauelewi humtia hofu hata kama ndani yake watu wanaomba mvua.

Huku kwetu yapo ya kusimulia, na uyasimulie kwa uangalifu kwa sababu hayalingani moja kwa moja. Mwaka 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji yaliyoaminiwa kuwa na nguvu za kuwakinga watu na risasi, na vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote. Vile vilikuwa vita na si ibada peke yake, lakini kuanzia hapo mtawala wa Kijerumani aliitazama kila imani ya watu kama baruti. Mwaka 1908 ilienea katika pwani hii, Lindi ikiwa mstari wa mbele, barua iliyosemekana kutoka Makka, yenye kuwaonya Waislamu watubu kwa kuwa mwisho wa dunia umekaribia. Ilikuwa barua ya kuhimiza toba, lakini Wajerumani waliichunguza kama njama ya uasi.

Kisha kuna Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waingereza ya UMCA aliondoka na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, akapita Lindi kwenda bara, nao wakaweka makazi Masasi na kuanzisha kanisa lililopo hadi leo. Nakuomba uitaje hiyo mbele ya mgeni, kwa sababu inakaribiana na habari ya kwao. Miongoni mwa waliopanda mbegu ya Ubaptisti kusini mwa Trinidad walikuwamo Waafrika wa Marekani waliopigana upande wa Waingereza katika vita vya mwaka 1812 ili wapate uhuru wao, wakapewa ardhi huko mnamo 1815 na 1816. Waliitwa Merikins. Watu waliotoka utumwani wakapewa mahali pa kuanza upya, na jambo lao la kwanza likawa kusali pamoja: hayo utayakuta Masasi na utayakuta Trinidad.

Ukitaka kumweleza tulipo sasa, mwambie kwamba ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, imani na uchaguzi wa dini. Kisha msikilize yeye zaidi ya utakavyosema.

SWALI: Shangazi, tarehe 30 Machi mara nyingi huwa ndani ya Kwaresima, nasi nyumbani tumeacha nyama. Tukialikwa kwenye sherehe hiyo tutakula nini?
— Mama wa Ndanda

JIBU: Mtakula doubles zenyewe. Hazina nyama, hazina yai, hazina maziwa. Mkitaka kwenda na kitu mkononi, nendeni na akra, vitumbua vya samaki wa chumvi vinavyouzwa kule barabarani, ambavyo jina lake ni la Afrika Magharibi, na vina undugu na bajia za kunde. Wao hutumia samaki mkavu wa chumvi kutoka bahari za kaskazini, ninyi mna ng'onda. Mroweke usiku kucha mkibadilisha maji mara mbili, mumchemshe, mtoe miiba, mmchambue nyuzinyuzi, halafu mchanganye na unga, hamira, kitunguu, kotmiri na pilipili hadi iwe rojo nzito ya kuchotwa kwa kijiko na kudondoshwa katika mafuta ya moto. Chumvi msitie hadi mmeonja.

SWALI: Mume wangu ni mvuvi hapa Mikindani. Tumesikia kwamba Trinidad wana mkate wa papa, na papa sisi tunaye. Unapikwaje? Na kinywaji gani kinakwenda nao?
— Mke wa mvuvi, Mikindani

JIBU: Ni kweli, na mahali penye sifa ya chakula hicho ni ufuko wa Maracas, kaskazini mwa kisiwa, ambako watu hutoka mjini kwa ajili yake. Samaki hukaangwa akawekwa ndani ya mkate wa kukaanga uitwao bake, kisha mlaji hujaza mwenyewe kachumbari, mchuzi wa ukwaju, kitunguu saumu na pilipili.

Lakini mwambie mumeo amwache papa. Papa huchelewa kukomaa na huzaa watoto wachache, tofauti na samaki atagaye mayai maelfu, kwa hiyo akivuliwa sana hawezi kurudi haraka, na nyinyi mnaoishi kwa bahari ndio mtakaoona pengo lake kwanza. Chukua nguru au kolekole. Mkate vipande vyembamba visivyo na mfupa, umwoshe kwa ndimu, umpake kitunguu saumu, kotmiri, chumvi na pilipili mbuzi iliyopondwa, umwache saa moja. Mviringishe katika unga wa ngano mkavu na umkaange hadi abadilike rangi na kukauka pembeni. Kwa mkate, kanda unga kama wa maandazi lakini bila hiliki na kwa sukari kidogo tu, uusukume mduara wa ukubwa wa sahani ya kikombe, uukaange uvimbe uwe na uwazi ndani, ambao utaupasua kwa kisu upande mmoja kama mfuko.

Kinywaji, chemsha choya kavu na tangawizi na karafuu mbili, uiache usiku mzima, uichuje, utie sukari. Wao huiita sorrel na huinywa zaidi Krismasi, ila hakuna atakayeikataa mwezi Machi. Kwa asiyependa uchachu, madafu, kama yauzwavyo pembeni mwa uwanja mkubwa wa Savannah jijini Port of Spain. Na ikiwa mtavuka kwenda kula Msangamkuu, samaki na mikate visafiri katika hotpoti mbili tofauti, kachumbari katika chombo chake, na kila mtu ajaze mkate wake hukohuko ufukweni.